Basi likipinduka saa tisa usiku, nani apigiwe simu?

Kila mara LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu Tanzania, inapokaza kamba kuhusu tiketi mtandao kwa mabasi ya mikoani, mjadala unaozuka ni uleule. Wamiliki wa mabasi wanaona mkono wa TRA, mamlaka ya mapato, ukipenya kwenye droo zao. Mawakala na wapiga debe wanaona ugali wao unaondoka. Abiria wanauliza kama nauli itapanda, na wengine wanashangilia kwamba walanguzi wa tiketi za Desemba sasa wamepatikana. Serikali nayo ikisimama kujibu, hujibu kwa lugha hiyohiyo ya mapato, ulanguzi na uwazi. Hoja zote hizo zina ukweli wake, lakini zimeifanya tiketi ionekane kama risiti tu. Ninavyoona mimi, tiketi yenye jina la mtu kwanza kabisa ni orodha ya watu, na thamani yake inapimwa siku basi linapoacha njia kwenye mteremko wa Kitonga au Sekenke, pale ambapo kuna mtu hospitalini anatakiwa ajue ampigie nani. Kwa kipimo hicho, tiketi mtandao tuliyonayo imefika nusu ya njia. Inamwomba abiria namba yake mwenyewe, yaani ya simu ileile atakayokuwa nayo mfukoni basi likipinduka, badala ya namba ya ndugu aliyebaki nyumbani.

Tuangalie kinachotokea sasa. Ajali ikitokea, wa kwanza kufika ni wanakijiji na madereva wa malori, kisha askari wa usalama barabarani. Majeruhi wanapakiwa kwenye gari lolote linalopatikana na kukimbizwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Walioumia zaidi wanahamishiwa ya mkoa, na wengine hupelekwa mbele zaidi. Abiria wa basi moja wanaweza kulala hospitali tatu tofauti usiku huohuo. Asubuhi kamanda wa polisi wa mkoa anatoa taarifa: namba za usajili wa basi, chanzo cha ajali, idadi ya waliofariki, wanaume wangapi na wanawake wangapi. Mwishoni unakuja ule mstari tuliouzoea, kwamba miili imehifadhiwa hospitali ya wilaya ikisubiri kutambuliwa na ndugu. Hapo kazi imeshahamishiwa kwa ndugu. Yeye ndiye ahisi kwamba mtu wake alikuwa kwenye basi lile, atafute nauli, asafiri, azunguke wodini, na akikosa huko aombe kufunguliwa chumba cha maiti. Niliwahi kuongozana na familia moja kwenye mzunguko huo. Binti alikuwa ameshika simu yenye picha ya kaka yake siku ya harusi, suti nyeusi na ua kifuani, akiwaonyesha manesi ambao wao walikuwa wakihudumia mtu mwenye uso uliovimba na bandeji hadi kwenye nyusi. Kaka alikuwepo, hai, wodi ya wanaume, na kwenye faili lake pameandikwa "Hajulikani".

Tatizo hili tulilijua majini kabla ya barabarani. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996 karibu na Mwanza, orodha ya abiria ilikuwa na majina ya waliolipia daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu, ambao ndio walikuwa umati, hawakuwa na orodha, na mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa namna tofauti kulingana na anayesimulia. Meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Idadi ya mwanzo ilikuwa watu mia mbili na kidogo, hesabu ya miili iliyopatikana. Tume ilipomaliza kazi na kujumlisha waliopotea, idadi ilivuka 1,500. Hao wa ziada walipatikana kwa sababu familia zilijitokeza kusema mtu wetu aliondoka siku ile na hajarudi. Kisha ikaja MV Nyerere, Septemba 20, 2018, hatua chache kutoka gati la Ukara. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na wakafa zaidi ya 220. Walipoulizwa kilikuwa kimebeba wangapi, viongozi hawakuwa na jibu: mkata tiketi alikuwa miongoni mwa waliokufa, na mashine yenye kumbukumbu za tiketi ilikuwa imezama naye.

Mashine ile ya Ukara ndiyo inayonifanya nisichangamkie sana maneno kama "mfumo" na "kidijitali" yanapotamkwa peke yake. Pale palikuwa na kifaa cha kielektroniki. Kilichokosekana ni nakala iliyobaki nchi kavu. Linganisha na ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba asubuhi ya Novemba 6, 2022. Ilikuwa ajali mbaya, watu 19 walikufa, na uokoaji wenyewe ulilalamikiwa sana. Ila siku hiyohiyo nchi nzima ilijua kwamba ndani walikuwemo watu 43, abiria 39 na wahudumu wanne, kwa sababu orodha ya majina ilikuwa imebaki Dar es Salaam ndege ilipopaa. Treni ya Nairobi kwenda Mombasa inakata tiketi kwa jina na namba ya kitambulisho, na anayepanda treni yetu ya umeme kwenda Dodoma ameshazoea utaratibu kama huo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba Mswahili hapendi kuandikishwa. Anaandikishwa vizuri tu, mradi mwenye chombo anataka.

Sasa nenda Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis alfajiri, usimame nyuma ya mtu anayekata tiketi. Wakala anauliza "jina?", abiria anajibu "Mama Neema", na ndivyo inavyoandikwa. Palipotakiwa namba ya simu, wakala mwenye haraka anaweka yake mwenyewe, kwa kuwa mfumo haukubali kuendelea bila namba na nyuma kuna foleni. Tiketi tano za watu watano wasiojuana zinatoka na namba moja ya simu. Ukifika Chalinze wameshuka wawili na kupanda watatu, na hao watatu wamelipa mkononi kwa konda. Basi hilo lina kifaa cha kufuatilia mwendo ambacho LATRA inakitazama kutoka ofisini. Kwa maneno mengine, likipinduka, serikali inaweza kukwambia lilikuwa na mwendo wa kilomita ngapi kwa saa dakika ya mwisho, lakini haiwezi kukwambia siti ya 27 alikaa nani na nyumbani kwao wapi.

Kuna wanaodhani hii ni habari ya kupeana taarifa za msiba tu, na kwamba saa sita mapema au siku mbili baadaye marehemu ni marehemu. Hao hawajalaza mgonjwa kwenye hospitali zetu. Kwetu ndugu ni sehemu ya matibabu. Ndugu ndiye anayetumwa kununua dawa iliyokosekana dirishani, ndiye anayeleta uji, ndiye anayeombwa achangie damu au atafute wa kuchangia, ndiye anayesaini fomu ya kukubali upasuaji wakati mgonjwa hajitambui. Ndiye pia anayejua kwamba mgonjwa ana kisukari au anatumia dawa za kifafa. Madaktari wanafanya wanaloweza kwa asiye na mtu, na sheria na maadili yao yanawataka waokoe maisha kwanza. Lakini muulize nesi yeyote wa zamu ya usiku ni kitanda kipi kinachosubiri zaidi. Saa zinazopotea kumtafuta ndugu ni saa za mgonjwa.

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya haya yote ni kwamba siku hizi kila mtu ana simu, na habari inafika kabla hata ya polisi. Inafika kweli, na tazama inavyofika. Picha za majeruhi na miili zinasambazwa WhatsApp na maneno "sambaza mpaka ndugu waione", na mama mzazi anamwona mwanawe amelala kando ya barabara kabla hajaambiwa na mtu. Hiyo ni taarifa, ila sidhani kuna anayeitaka kwa njia hiyo. Simu ya abiria yenyewe haisaidii sana. Simu janja imefungwa kwa namba ya siri au alama ya kidole, kioo kimepasuka, au imeshaokotwa na mmoja wa wale wanaokuja eneo la ajali na mifuko mitupu. Ule ujanja wa kujifanya unatuma pesa ili jina la mwenye namba litokee utakupa jina la majeruhi, hautakupa mke wake. Mtandao wenyewe nao si wa kuutegemea kiasi hicho: Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, na kwa siku kadhaa Watanzania wa Muscat, London na Minneapolis waliokuwa wakijua habari za kwao kupitia WhatsApp wakabaki wanakodolea alama moja ya tiki. Waliokuwa wameandika namba za kawaida za majirani walipiga. Wengine walisubiri.

Wengine watasema tuna NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu zoezi lile lililofika kilele Januari 2020 laini zilipoanza kuzimwa. Hoja hii ina uzito zaidi, kwa sababu alama ya kidole inaweza kweli kumtambua mtu mzima asiyeweza kusema. Lakini kumtambua mtu hakukupi wa kumpigia. Fomu ya NIDA uliyojaza miaka kumi iliyopita ina majina ya wazazi wako, ambao huenda mmoja ameshafariki, na anwani ya mtaa uliohama. Nesi wa hospitali ya wilaya hana namna ya kuifungua usiku. Na watoto hawamo: kitambulisho ni cha mwenye miaka 18 na kuendelea, wakati shule za bweni zinapofunguliwa mabasi yanajaa wanafunzi, wengine wakisafiri peke yao wakiwa wamekabidhiwa kwa konda. Mfumo wa utambulisho ulitengenezwa kujibu "huyu ni nani". Swali la usiku wa ajali ni "huyu ni wa nani", na jibu lake hubadilika mtu anapooa, anapohama, anapofiwa. Inabidi liulizwe kila safari.

Upande wa pili una hoja moja ambayo haitakiwi kupuuzwa, nayo ni utapeli. Nchi hii kila mtu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wapo waliopigiwa na mtu mwenye sauti ya kidaktari akisema mwanao ameanguka shuleni, tuma haraka fedha za kipimo. Sasa fikiria orodha inayoonyesha kwamba Hamisi yuko kwenye basi la Mwanza usiku wa leo, na mkewe ni mwenye namba hii. Kwa tapeli hiyo ni dhahabu: anajua jina, anajua safari, anajua muda ambao Hamisi yuko porini kusiko na mtandao. Anayekataa kutoa namba ya mkewe kwa wakala asiyemjua ana akili timamu. Jibu langu ni kwamba hatari hii inatokana na nani anaiona orodha, na hilo linapangika. Wakala hana haja ya kuiona namba ya ndugu baada ya kuingizwa; inaweza kufichwa na kufunguliwa tu na polisi au hospitali ajali inaporipotiwa, kisha ifutwe safari ikiisha salama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, tayari inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisigeuzwe kwa lengo jingine. Kampuni ya basi itakayotumia namba hizo kutuma matangazo ya ofa za Sikukuu ibanwe kwa sheria hiyo. Na simu ya kumjulisha ndugu isiombe hata senti moja. Wananchi wakilijua hilo, tapeli amepoteza nusu ya hadithi yake.

Wamiliki wa mabasi wana hoja yao kuhusu abiria wa njiani, na hapa nakubaliana nao zaidi ya wanavyotegemea. Basi la kwenda Songea au Kigoma haliishi kwa abiria wa stendi kuu peke yao. Kumwambia konda asimpakie mama mwenye gunia lake la viazi Makambako kwa sababu hana tiketi mtandao ni kutunga sheria itakayovunjwa kila siku, na sheria inayovunjwa kila siku huishia kuwa chanzo cha mapato ya askari wa barabarani. Kinachowezekana ni mashine ya mkononi kwa konda, ambayo kampuni kubwa zinazo tayari, yenye masanduku matatu tu: jina, kituo cha kushukia, na namba ya mtu aliyebaki nyumbani. Ipeleke taarifa kila inapopata mtandao, isisubiri mwisho wa safari. Kuna vipande vya barabara visivyo na mtandao na vitaacha mapengo, hilo halikwepeki. Orodha yenye pengo la watu wanne bado inawafikia ndugu wa hamsini.

Na ipo sehemu kubwa ya barabara zetu ambayo hakuna tiketi itakayoigusa. Bodaboda haina orodha, daladala haitakuwa nayo, na wodi za mifupa zimejaa watu wa pikipiki kuliko wa mabasi. Hapo linabaki jambo la mtu binafsi. Wazo la kuhifadhi namba ya dharura kwenye simu lilianza Uingereza mwaka 2005, likisukumwa na mhudumu mmoja wa gari la wagonjwa, na likashika kasi baada ya milipuko ya London ya Julai mwaka huo. Leo simu janja nyingi zina sehemu ya taarifa za dharura inayofunguka bila namba ya siri. Iko kwenye mipangilio, inajazwa kwa dakika mbili, na wengi hawajawahi kuigusa. Kwa hili kitochi kinaishinda simu ya milioni moja: mara nyingi hakijafungwa, ukibonyeza kitufe cha kijani unaona nani alipigiwa mwisho, na betri bado ipo. Shida ni majina tunayohifadhi. Muokoaji atampigia nani kati ya "Boss Lady", "Mchizi wa Tabata" na "Usipokee"? Mwenye "Mama" au "Mke wangu" amemrahisishia kazi. Na kikaratasi chenye namba mbili ndani ya pochi, hata kwa anayejiona wa kisasa, hakihitaji chaji.

Turudi kwenye mabasi, kwa sababu huko kuna mwenye mamlaka ya kuamuru. Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa biashara na kwa watu wenye haraka zao, lakini ulibadilisha pia saa za ajali. Zamani basi lisilofika jioni liliwatia wasiwasi waliokuwa wakilisubiri stendi. Sasa linaweza kuanguka saa tisa usiku wakati kila anayehusika amelala, na mpaka wakiamka, wagonjwa wameshahamishwa mara mbili. Sharti la namba ya ndugu lingeweza kuanza hapohapo, kwa mabasi ya usiku peke yake, kama sharti la leseni ya usiku, kabla ya kulipeleka kwa wengine.

Nadhani kuna sababu nyingine ya upinzani ambayo haitamkwi kwenye mikutano na waandishi wa habari. Bima ya lazima ya gari la abiria inatakiwa imlinde aliyelipa nauli, na familia inayodai fidia inatakiwa kwanza ithibitishe kwamba mtu wao alikuwa ndani ya basi lile. Mwenye tiketi iliyobaki kwenye mfumo ana ushahidi. Aliyepandia Chalinze na kulipa mkononi ana maneno ya shemeji yake aliyemsindikiza, dhidi ya kampuni inayosema gari lilibeba abiria kulingana na siti na si mmoja zaidi. Orodha kamili ingempa huyo haki yake, na ingeonyesha pia basi la siti 57 lilibeba watu wangapi hasa. Wakati mwingine wadau wa usafirishaji watakapokaa na LATRA kujadili tiketi mtandao, ningependa mtu mmoja aulize ni wangapi kati ya wanaoipinga wanaogopa kodi, na ni wangapi wanaogopa orodha.